Mpimaji Hampimi wa Kwake

Ukitaka kujua mtoto wako alikuwa na kilo ngapi alipofikisha miezi tisa, na wewe ni mmoja wa wale kina mama mia sita waliojiandikisha kwenye utafiti tangu mimba, usijisumbue kupekua makabati. Muulize Mama Mizani. Atafumba jicho moja, atakutajia kilo na gramu, halafu atakuongezea ambacho hukumuuliza, kwamba siku ile mtoto alikuwa na mafua na alimtapikia begani. Miaka ishirini na mbili alikuwa akizunguka mitaa ileile, mizani mgongoni, ubao wa kupimia urefu kwapani, fomu mkobani. Watoto aliowapima wakiwa na siku mbili duniani sasa wana ndevu na wanamwamkia barabarani kwa sauti nzito.

Utafiti wenyewe hauna uchawi. Unamwandika mama akiwa mjamzito, unamuuliza anakula nini, analala wapi, nani anamsaidia. Akijifungua, unampima mtoto. Halafu unarudi. Unarudi akiwa na miezi mitatu, sita, tisa, mwaka, unarudi mpaka anaingia shule, anabalehe, anachoka kuiona sura yako. Wakubwa wanataka kujua mambo ya mwanzo yanamfuata mtu mpaka wapi, na hilo huwezi kulijua kwa kwenda mara moja. Kazi yote ni kurudi.

Na kwa kurudi, jamani, Mama Mizani hakuwa na mpinzani. Kanuni ya ofisi ilisema mlango ubishwe mara tatu, siku tatu mbalimbali, ndipo uandike kwamba mshiriki amepotea. Yeye hakuandika. Mlango wa fundi cherehani mmoja, mwanamke mkali ambaye hakutaka kuona mtu, aliubisha mara nane. Siku ya nane yule fundi alifungua, akacheka mwenyewe, akamkabidhi mtoto apimwe. Katika watoto mia sita, Mama Mizani alipoteza kumi na mmoja tu. Ofisi ikampa cheti, akakitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya familia.

Aliyempotea kweli hakuwa kwenye orodha ya ofisi. Alikuwa binti yake mwenyewe, wa pekee, wa kumzaa.

Mganga hajigangi, ndivyo tunavyosema, na tukishasema tunajiona tumemaliza. Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Baba wa mtoto aliondoka mapema na hakuaga. Mtoto akiwa na miezi saba ikapatikana kazi ya utafiti, na mama akaishika kwa mikono miwili, maana ndiyo iliyowalisha na ndiyo iliyomsomesha binti, tusimwonee. Mtoto alilelewa na bibi yake. Mama aliondoka alfajiri, akarudi mtoto kashalala au anasinzia kwenye sahani. Jumamosi nayo alikuwa kazini, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kuwakuta watu nyumbani. Siku alizowahi kurudi, mazungumzo mezani yalikuwa ni ya watoto wa namba, maana kwenye utafiti kila mtoto ana namba yake: mia moja na kumi na nane kaota meno mawili kwa mpigo, mia tatu na tano kaanza kusema. Kisa cha mlango wa fundi cherehani alikisimulia hata mara kumi, na kila akifika kwenye ile mara ya nane alipiga meza kwa furaha. Binti alisikiliza kila mara. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo ilifanywa na bibi.

Bibi akafa. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwezi mmoja baada ya mazishi, wakiwa wawili mezani na kiti cha tatu kitupu, binti aliuliza kitu kidogo tu.

"Mama, mimi nilianza kutembea lini?"

Mama Mizani alifurahi, maskini. Siku nyingi hakuwa ameulizwa kitu anachokijua. Akafumba jicho moja.

"Miezi kumi na moja na siku tatu. Uliinuka mkekani, ukaenda kushika mguu wa kiti."

Binti akasukuma sahani pembeni.

"Huyo ni mtoto gani, mama? Mimi nilitembea na miezi kumi na sita. Bibi alidhani nina kilema. Alikuja kukutafuta ofisini kwenu siku tatu mfululizo, akaambiwa uko mitaani."

Hapo hapo Mama Mizani akamwona waziwazi yule mtoto wa mkekani na kiti. Alikuwa mia mbili na sita. Hata kiti chenyewe alikikumbuka, kilikuwa na mguu uliofungwa waya. Binti aliondoa sahani yake akaenda kuiosha. Wiki ile ile alifunga virago. Namba ya simu ikabadilishwa, na walioulizwa walisema hawajui. Miaka minne ikapita hivyo.

Miaka minne katika nyumba ya vyumba viwili ni mirefu. Mama Mizani alipika chakula cha mtu mmoja na bado kikabaki. Mlango wa chumba cha binti hakuufunga wala hakuingia, aliupita. Redio aliiwasha ili pawepo mtu anayesema. Kila Jumapili jioni aliiweka mizani sakafuni kuijaribu, kama taratibu zinavyotaka, akaweka juu yake lile jiwe la chuma la kilo tano, na mizani ikasoma tano kamili. Alikaa akaitazama zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa mpweke, na nalisema wazi kwa sababu mwenyewe hakulisema kwa mtu yeyote. Ukimuuliza hali, alikujibu nzuri, akaanza kukusimulia kuhusu mia nne na tisini kupata kazi benki.

Mwaka huu ofisi ikafungua kundi la pili: mimba mpya, watoto wapya. Wauguzi wa kliniki wanawaandikisha wajawazito na kuwauliza maswali ya kwanza, kisha bahasha zinakuja ofisini na wapimaji wanagawana nyumba za kutembelea. Jumanne moja asubuhi, mwenzake Mama Mizani, mwanamume wa makamo waliyemwita Kobe kwa mwendo wake, alimsukumia bahasha zake saba juu ya meza. Akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na jina la binti yake.

Alilisoma mara mbili. Majina hufanana. Lakini umri ulikuwa ishirini na tatu, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ile aliyoililia yeye mwenyewe kitandani hospitali. Mimba ya kwanza, wiki ishirini na nne. Chini yake maswali, maswali aliyoyauliza kwa kinywa chake kwa mamia ya wanawake, sasa yamejazwa kwa mwandiko wa muuguzi. Mama yako mzazi yu hai? Ndiyo. Mnaonana? Hapana. Nani atakusaidia wiki za kwanza baada ya kujifungua? Hakuna. Kama unajua, ulianza kutembea ukiwa na miezi mingapi? Kumi na sita.

Kobe akamuuliza kama kuna nyumba ya mbali humo. Akajibu hakuna. Na kweli haikuwepo. Nyumba ya binti ilikuwa ng'ambo ya soko, nyuma ya duka la vifaa vya umeme, mlango wa bluu. Kutoka kwake ni dakika kumi na moja kwa miguu. Miaka minne alimdhania yuko miji ya mbali, kumbe huenda walikuwa wakinunua vitunguu kwa muuzaji mmoja.

Sasa ungesema, si ainuke aende? Hata mimi ningesema hivyo. Lakini kuna kiapo. Kila mpimaji hula kiapo kwamba alichokisoma kwenye bahasha kinabaki kwenye bahasha; hakitumii kwa faida yake, kwa ugomvi wake wala kwa mapenzi yake. Wanawake huwaambia wapimaji kwamba waume zao wanawapiga, huwaambia mimba si ya fulani, na huwaambia kwa sababu wanajua haitoki. Na kuna kanuni ya saba, ambayo wapimaji waliigeuza methali: mpimaji hampimi wa kwake. Akiwa dada, shemeji, mtoto wa shangazi, mpe mwenzako bahasha. Aliyekuwa akiwafundisha wapimaji wapya kiapo hicho, na kuwakaripia waliokichukulia mchezo, ni Mama Mizani huyu huyu.

Siku mbili alitembea na bahasha ile mkobani. Nyumbani aliiweka mezani, akala mbele yake. Akienda, amevunja kitu ambacho kilimfanya aaminike katika milango mia sita. Asipoenda, mjukuu wake atazaliwa dakika kumi na moja kutoka kwake na mama wa mtoto hatakuwa na mtu wa kumpokea hata beseni la maji. Tena alijiuliza jambo la kuuma zaidi: binti aliyesema "hapana" na "hakuna" kwa mdomo wake, atapenda kumwona mlangoni mtu aliyemchungulia kwenye fomu? Aliona huko ni kumwibia. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akampa Kobe bahasha.

"Huyu ni wa kwangu," alimwambia, basi.

Kobe akaipokea bila kuuliza. Ijumaa akaenda na mpimaji mwingine. Mama Mizani alibaki ofisini akipanga fomu zilizokwisha kupangwa, na kila lango lilipolia alisogea dirishani. Kobe alirudi saa nne na nusu, mapema mno. Ziara ya kwanza huchukua saa mbili nzima, na huyu alikuwa amekwenda na kurudi kwa saa moja, yeye, Kobe. Hakumtazama. Alimwaga chai kikombeni, akainywa amesimama, kisha akaja na karatasi moja ya njano akaiweka mezani kwake, kwa sababu Mama Mizani ndiye kiongozi wa kikundi na karatasi za njano zote hutiwa saini naye. Akatoka nje.

Karatasi ya njano ni ya kujitoa. Mshiriki amebadili mawazo, hataki tena, na ni haki yake. Kuna mstari mmoja wa sababu, umeandikwa si lazima kujaza, na kwa kawaida watu huuacha wazi. Huu ulikuwa umejazwa, na mwandiko haukuwa wa Kobe. Mwandiko ule wa kulalia kushoto Mama Mizani aliujua tangu daftari za darasa la kwanza, alizokuwa akizisaini asubuhi mbiombio bila kuzisoma.

"Nilidhani atakuja mwenyewe."

Basi ndiyo hivyo. Binti hakuandikishwa kwa bahati mbaya. Alijua utafiti ni wa nani, alijua mitaa ile ni ya kikundi gani. Kiburi kilimzuia kuja kwa mama yake, hilo tusimfichie, lakini tangu utotoni alikuwa akijua njia moja tu ya kumfanya mama yule abishe mlango wa mtu, nayo ni kuwa na namba. Akajipatia namba. Akavaa vizuri Ijumaa ile, pengine, akafagia, akasikia hodi, na mlangoni akamkuta mwanamume mnene na mtu asiyemjua, na mizani ya mtu mwingine. Kwa mara nyingine ofisi imemjibu kwamba mama yuko mitaani.

Mama Mizani alilia pale pale mezani, kwa sauti iliyosikika chumba cha pili. Halafu akatia saini, maana saini lazima itiwe, akaichukua karatasi akaenda kwa daktari mkuu.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akamweleza kwa upole kile ambacho Mama Mizani alikifahamu kuliko yeye: mshiriki akishajitoa, karatasi yenye anwani yake inachanwa siku hiyo hiyo, na aliyeisoma anahesabiwa hajaisoma. Kwamba binti anamtaka mama yake, hilo ni la familia, na yeye kama mzazi analielewa. Lakini anwani ni ya utafiti. Kama anaweza kumpata kwa njia nyingine, kwa jirani, kwa rafiki, vizuri sana.

"Na nikienda hivi hivi?"

"Nitalazimika kuandika kwamba umevunja kiapo. Na hutagusa tena kundi la pili. Umebakiza miaka mingapi kustaafu?"

"Miwili." Mama Mizani akakivua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya karatasi ya njano. "Andika, daktari. Mimi nimewaandika watu miaka ishirini na mbili, sasa zamu yangu."

Mizani aliiacha ofisini. Jioni ile alipotoka mtaani mgongo ulikuwa mwepesi mpaka akajihisi anayumba, na mikono hakujua aipeleke wapi. Alizoea kufika kwa watu akiwa na kazi. Alipita soko, akapita duka la vifaa vya umeme, akaukuta mlango wa bluu, rangi imebanduka karibu na kitasa. Akabisha. Hakuna aliyeitika, ingawa ndani redio ilizimwa. Akasimama kidogo, akaondoka.

Jumamosi akarudi. Pazia la dirisha lilisogea upande, likarudi. Alitaka kusema kupitia mlangoni, akaona kila neno linalomjia ni swali la fomu: unaendeleaje, unalala vizuri, unakula nini. Akaondoka.

Jumapili akabisha mara ya tatu na akangoja mpaka jirani akatoka kumtazama kwa jicho la pembe, akamuuliza kama anauza kitu. Alisema hauzi. Nyumbani jioni alilitoa lile jiwe la kilo tano, halafu akakumbuka hana mizani ya kulijaribia, akalirudisha kabatini. Mara tatu, siku tatu mbalimbali. Kwa kanuni za ofisi angekuwa na ruhusa ya kuandika kwamba mshiriki amepotea na kwenda zake kulala kwa amani. Hakulala vizuri.

Jumatatu, saa ambayo kwa kawaida angekuwa kazini, alikuwa mbele ya mlango wa bluu. Akabisha mara ya nne. Akasikia ndala zinakuja taratibu, zikasimama. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja.

Binti alikuwa amenenepa usoni. Amevaa gauni pana, mkono mmoja kiunoni. Macho ya Mama Mizani, kwa mazoea mabaya ya kazi, yalishuka tumboni yakakadiria wiki ishirini na tano, na hayakukosea. Kisha akajionea haya, akayapandisha usoni kwa mwanawe akayaacha hapo. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Binti alimtazama mabega, akatazama nyuma yake, akatazama chini kulikokuwa na mikono mitupu.

"Mizani iko wapi?"

"Nimeirudisha. Nimeacha na kazi. Sijui ulivyoanza kutembea, mwanangu. Nilikudanganya bila kujua kwamba nadanganya. Sijui ulisema nini kwanza, wala jino lako la kwanza lilitoka lini. Bibi yako hayupo nimuulize. Nimekuja kukuuliza wewe."

Kidevu kilimtetemeka binti, akakibana. Alikuwa mtoto wa mama yake, mgumu vilevile.

"Ule mlango wa fundi cherehani," alisema mwishowe, "uliubisha mara ngapi?"

"Nane."

"Na huu?"

Mama Mizani hakuhitaji kufumba jicho. "Nne."

Binti akatikisa kichwa, akausukuma mlango taratibu mpaka ukafunga. Mama alibaki akiutazama ubao wa bluu na akitegea sikio komeo. Komeo halikuvutwa. Alisimama pale mpaka ndala zilipoishia ndani, kisha akapita sokoni, akanunua vitunguu, akarudi kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akaingia chumba cha binti na kufungua dirisha.

Jumanne, baada ya chai, akavaa viatu.